Utafiti wa Muhimbili: tusome kabla ya Jumamosi

Habari za jioni wazazi, walimu na walezi wenzangu.

Jumamosi saa nne asubuhi tunakutana kama kawaida. Safari hii naomba tuzungumzie utafiti wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika nchini Tanzania mwaka 2009, Chuo Kikuu cha Muhimbili kikishirikiana na Serikali, UNICEF na taasisi ya afya ya Marekani, CDC. Matokeo yalitangazwa 2011. Vijana wa miaka 13 hadi 24, Bara na Zanzibar, waliulizwa wenyewe yaliyowapata utotoni. Karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18.

Someni tena hiyo ya wavulana. Huku mtaani hatuwazungumzii kabisa, na kwangu hilo linauma. Takribani nusu tu ya wasichana hao waliofanyiwa ukatili ndio waliomwambia mtu. Wavulana waliosema ni wachache zaidi.

Nautetea ushirikiano wa namna hii kwa sababu takwimu zake hazikuishia maktaba: ziliingia kwenye mipango ya taifa ya kuwalinda watoto.

Mwalimu wa malezi ataongoza mjadala. Swali langu: mtoto wa hapa kwetu akitaka kusema, anamwendea nani? Njooni na majina ya watu wanaoaminika. Visa vya watoto wetu msiviandike humu, tafadhali. Mwenye jambo la haraka apige 116, ni bure, au aende Dawati la Jinsia na Watoto, polisi.