Kwa nini ratiba yetu inakuweka Quito siku tatu kabla ya Galápagos

Kila tukimtumia mteja ratiba ya Ekuador, jibu huja na swali lilelile: "Hizi siku tatu za Quito za nini? Mimi nimefuata kobe wa visiwa vya Galápagos." Wengine wanaomba ziwe usiku mmoja tu, bei ishuke. Tunawaelewa, nauli ya kutoka huku hadi Amerika Kusini si ya kuokota njiani. Lakini siku hizo hatuzikati, na sababu yake mtu wa Moshi ataielewa upesi kuliko mwingine.

Quito, mji mkuu wa Ekuador, iko mita 2,850 juu ya usawa wa bahari. Kibanda cha Mandara, wanapolala wageni usiku wa kwanza wakipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, kiko mita 2,720. Yaani mji mkuu mzima, wenye mabenki, foleni za magari na watoto wanaocheza mpira uchochoroni, umekaa juu kuliko Mandara. Na Mandara unaifikia kwa miguu, pole pole, mwili ukijizoeza. Quito unatolewa usawa wa bahari na ndege, unakabidhiwa begi lako, basi.

Mgandamizo wa hewa kule ni pungufu kwa zaidi ya robo ukilinganisha na Dar es Salaam, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo. Wenyeji wanaiita hali hiyo soroche. Kichwa kinagonga, usingizi unakatika saa nane za usiku, chakula hakishuki. Ngazi za hoteli, ghorofa mbili tu, mimi mwenyewe nilizipanda nikisimama katikati kama bibi kizee, na kazi yangu ni kupeleka watu mlimani!

Safari moja tulikubali kupindisha utaratibu. Kijana mmoja, mwanamichezo kabisa, alifika asubuhi na mchana akataka kupanda Teleférico, vile vibanda vinavyoning'inia kwenye waya kuelekea mlima Pichincha. (Ndiyo, aina ileile ya usafiri iliyozua zogo ilipopendekezwa kwa Kilimanjaro.) Kwa dakika kama ishirini unatolewa mita 3,100 na ushee hadi zaidi ya 3,900. Umekipita kibanda cha Horombo, ambako wapandaji wetu hufika siku ya pili wakiwa hoi. Kijana alitapika kulekule juu, akalala kitandani siku mbili, na kanisa la La Compañía aliliona kwenye simu ya mkewe. Tangu siku hiyo Teleférico iko siku ya tatu, na hatubishani.

Siku ya kwanza tunaitumia mji mkongwe, pale pasipo na milima mingi. Kutoka Plaza Grande hadi uwanja wa San Francisco hufiki hata robo saa kwa mguu, lakini kwa historia ni safari ndefu.

Usitafute magofu ya Wainka, waliotawala huku kabla ya Wahispania. Mwaka 1534, Wahispania wakikaribia, jemadari wa Wainka aliyeitwa Rumiñahui aliuchoma mji moto kuliko kuwaachia. Mhispania Sebastián de Benalcázar aliingia Desemba mwaka huohuo akaanzisha mji wake juu ya majivu. Kanisa na monasteri ya San Francisco vilianza kujengwa miaka michache tu baadaye. Wenyeji wanasimulia kwamba fundi mmoja mzawa, Cantuña, alilemewa na kazi ya kujenga kibaraza cha kanisa hilo, akamwahidi shetani roho yake kikikamilika kabla ya mapambazuko. Usiku kucha mashetani wakabeba mawe. Kulipokucha, jiwe moja lilikuwa halipo mahali pake, mkataba ukavunjika, Cantuña akapona. Kila mwongozaji ana sehemu yake anayokuonyesha jiwe lilipokosekana, na nimeshaonyeshwa tatu tofauti.

La Compañía ndiyo inayowanyamazisha watu. Nje ni jiwe la volkano la kijivu, lililochongwa nguzo zilizojipinda kama kamba iliyosokotwa. Ukivuka mlango, macho yanahitaji muda. Dari, nguzo, madhabahu, vyote vimefunikwa karatasi nyembamba za dhahabu, na mwanga unarudi usoni kwako wa njano kama wa jioni. Wajesuiti, shirika la watawa Wakatoliki, waliianza mwaka 1605, wakaimaliza 1765. Miaka 160 ya kazi, na mwaka 1767 mfalme wa Hispania akawafukuza katika makoloni yake yote. Waliifaidi miaka miwili.

Plaza Grande ina ikulu, na pembeni ya ikulu rais wa Ekuador, Gabriel García Moreno, alikatwa mapanga Agosti 1875. Katikati ya uwanja kuna mnara wa uhuru. Angalia chini yake: simba wa Hispania amejeruhiwa, anaondoka. Mnara unakumbuka Agosti 10, 1809, wenyeji walipounda serikali yao wenyewe. Mwaka haukupita vizuri. Agosti 2, 1810, viongozi waliokuwa wamefungwa kwenye kambi ya askari hapo jirani waliuawa, na leo sanamu za nta zinaonyesha mauaji hayo palepale. Uhuru wenyewe ulikuja Mei 24, 1822, jeshi la jemadari wa wapigania uhuru, Antonio José de Sucre, lilipopanda Pichincha usiku na kupigana mlimani, zaidi ya mita 3,000. Ukiwa siku ya tatu kwenye Teleférico unahema, wafikirie wale walioburuta bunduki.

Kwa majengo hayo, UNESCO iliuweka mji huu kwenye orodha yake ya kwanza kabisa ya Urithi wa Dunia mwaka 1978, orodha hiyohiyo iliyokuwa na Lalibela ya Ethiopia.

Siku ya pili ni kanisa la Basílica, ambalo kwenye kuta zake, badala ya mazimwi, yamechomoza mawe ya umbo la kobe, tumbili na mijusi iguana. Minara ina ngazi kali, anayeogopa urefu abaki chini. Kisha kilima cha Panecillo, kwenye sanamu ya Bikira Maria mwenye mabawa, ya vipande vya alumini kama 7,000. Huko tunakwenda kwa gari, kwenda na kurudi. Vilevile hatutembezi wageni mji mkongwe usiku. Tangu Januari 2024 serikali inapambana na magenge ya wahalifu, na hatuoni faida ya kumficha mteja jambo hilo.

Mchana tunakwenda Mitad del Mundo, kwenye mnara wa Ikweta. Msitari wa njano mnaopigia picha uko kama mita 240 nje ya Ikweta halisi. Mnara huo unawakumbuka Wafaransa waliofika mwaka 1736 kupima umbo la dunia. Mmoja wao, La Condamine, ndiye aliyeandika mwaka 1738 maelezo ya mti wa Loja, kusini mwa Ekuador, unaotoa kwinini, dawa chungu waliyoijua babu zetu. Jirani na mnara utaonyeshwa maji kwenye beseni yakizunguka kulia upande mmoja wa Ikweta, kisha kushoto upande wa pili. Ni mchezo uleule wanaoufanya Nanyuki, Kenya, na huko Quito pia ni mkono wa anayemimina.

Beba sweta, koti la mvua, kofia na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Pesa zao ni dola za Marekani, tangu mwaka 2000. Mwenye presha, moyo au mimba amwone daktari kabla hajalipa. Hotelini watakukaribisha chai ya majani ya koka. Ukipenda kunywa, kunywa, ila usiweke hata jani moja begini.

Siku moja tunaweza kukupunguzia katika hali moja tu: kama umeshuka Kilimanjaro wiki hiyohiyo na ulilala vizuri Horombo. Hapo tuambie unapoagiza.