Kuwaka upya si kupona

Mhariri,

Makala yenu kuhusu vifaa vinavyojiwasha upya vinapoganda imenigusa, maana kuandika draiva, yaani programu zinazoendesha vifaa vya namna hiyo, ndiyo kazi yangu. Mwandishi ameisifu wochidogi kana kwamba ni tiba. Si tiba.

Wochidogi ni saketi inayohesabu muda kuelekea sifuri. Programu iliyo hai huirudisha mwanzo kila mara. Ikiganda, hesabu inaisha na prosesa inawashwa upya. Suala zima ni nani anayeirudisha mwanzo. Niliwahi kukabidhiwa kidhibiti cha pampu kilichoganda kutwa nzima huku wochidogi ikinyamaza. Aliyeiandika draiva alikuwa ameiweka amri ya kuirudisha mwanzo ndani ya interapti ya taima, yaani kipande cha programu kinachoitwa na saa ya chipu kila baada ya muda, hata kazi nyingine zikikwama. Kazi kuu ilikuwa imekwama ikisubiri jibu la sensa, lakini interapti ikaendelea kutimiza wajibu wake: mlinzi anayeitikia "nipo" akiwa usingizini! Amri hiyo itoke mahali pamoja tu, tena baada ya kuthibitisha kwamba kila kazi muhimu imesonga mbele tangu ukaguzi uliopita.

Linalonikera zaidi ni ushahidi kupotea. Chipu nyingi huwa na rejista, yaani kihifadhi kidogo cha data ndani ya chipu, inayotunza sababu ya kuwashwa upya. Draiva iisome mapema, kabla haijafutwa, na iitoe kwa anayeuliza. Mfumo endeshi wa Linux una amri ya WDIOC_GETBOOTSTATUS kwa kazi hiyohiyo. Na pale saketi inapoweza kutoa onyo kabla muda haujaisha, onyo hilo litumike kuhifadhi kumbukumbu ya kilichokuwa kikiendelea, kwa ufupi, bila kusubiri kufuli lolote (kibali cha kazi moja kutumia kitu huku nyingine zikisubiri), kwa sababu huenda aliyelishika ndiye aliyekwama. Nimeona draiva zikilitumia onyo hilo kuongeza muda tu. Huko ni kuficha ugonjwa.

Mwaka 1997 chombo cha Mars Pathfinder kilianza kujiwasha upya kikiwa kwenye sayari ya Mirihi. Kazi ya kukusanya data za hali ya hewa, yenye kipaumbele cha chini, ilishikilia kufuli lililohitajiwa na kazi ya kipaumbele cha juu, na kazi za kipaumbele cha kati zikaizuia ile ya chini isimalize. Kujiwasha upya kulikinusuru chombo, ila hakukuondoa kasoro. Iliondoka wahandisi walipoizalisha upya hapa duniani, wakasoma kumbukumbu za mfumo, kisha wakawasha urithi wa kipaumbele kwenye kufuli lile, yaani kazi inayolishikilia ipewe kwa muda kipaumbele cha inayolisubiri.

Kwa hiyo naomba, Mhariri, mnapokagua vifaa kwa niaba ya wasomaji, msiulize tu kama kinajiwasha upya. Ulizeni kinatunza wapi sababu ya kuzimika, na kama mwenye kifaa anaweza kuisoma bila kumsubiri mtengenezaji.

Mwandishi wa draiva