Alinitukana uwanjani, radhi kaja kuniomba chumbani

Shangazi, shikamoo. Ni saa tisa usiku na sijapata hata lepe la usingizi. Naandika kwa simu, nikikosea utanisamehe (neno lenyewe ndilo linalonikesha).

Jumapili dada yangu alikuja na mjomba. Kaleta tetea na unga, kapiga magoti mkekani: "Mdogo wangu, yaishe." Mjomba akanikazia macho. Nikasema yameisha. Ningefanyaje? Mjomba kwetu huku Newala unamjua alivyo.

Lakini yeye alinisema wapi? Msibani kwa mama, mbele ya wanawake wote tunaochambua mchele: "Huyu ndiye aliyeuza korosho za mama kangomba." Yaani kwa walanguzi, kimagendo. Nikabaki na ungo mkononi. Tangu siku hiyo hata kwenye foleni ya maji naitwa Kangomba. Leo radhi inaombwa ndani, mlango umerudishwa?

Na mimi si mwizi. Ulikuwa msimu wa 2018, serikali imetangaza bei 3,300 kwa kilo, wanajeshi wake wamekuja kubeba korosho, pesa bado, na presha ya mama haingoji. Nilitoa kilo 40 tu. Dawa nilinunua. Chenji ikaenda kwenye sare za mwanangu, naye si mjukuu wake?

Halafu kwa nini aje sasa? Korosho zimeanza kudondoka, na shamba la mama limeandikwa jina langu kwenye chama cha ushirika, pesa inaingia kwenye akaunti yangu. Fungu lake nilikuwa nalipitisha kwa mjomba kila msimu. Mwaka jana tu sikupeleka, nilikuwa naezeka. Basi ndiyo kanikumbuka kuwa mdogo wake! Mbele ya wanawake wote, Shangazi.

Mume wangu anasema aliyepiga magoti keshapiga, nimwache. Yeye msibani alikaa upande wa wanaume, hakusikia kitu.

Sihitaji chochote kwake. Ila Desemba binti yangu anachezwa unyago, na mwali akitoka bila mama yake mkubwa, watu watauliza. Nikuambie kweli, Jumapili alipokuwa bado anavua viatu mlangoni, hilo ndilo nililokuwa nawaza.

Tetea ameanza kutaga chini ya kichanja cha vyombo, kamba mguuni sijamfungua. Nimrudishe? Au nimwambie dada aje siku ya ngoma, ayafute maneno yake mbele ya wanawake walewale? Na akikubali, Shangazi, zile kilo 40 na mimi itabidi nizitaje?

Mimi msomaji wako, Newala