Msituambie wanawake wa kale walijifungua bila shida

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nijibu kauli inayorudiwa mno kwenye kurasa za afya na za wanawake: kwamba zamani za kale wanawake walijifungua bila shida, walipanga uzazi kwa majani na mizizi, na kwamba taabu zote zimeletwa na hospitali. Shahidi anayetajwa mara nyingi ni Misri ya kale. Basi tumsikilize shahidi huyo, maana ameacha maandishi, ameacha vifaa, na ameacha hata miili ya wanawake wenyewe.

Huko Deir el-Bahari, ng'ambo ya mto Nile mkabala na Luxor ya leo, alizikwa Henhenet, mmoja wa wanawake wa nyumba ya mfalme Mentuhotep wa Pili, yapata mwaka 2050 KK. Mwili wake ulikaushwa ukadumu. Mwaka 1935 Douglas Derry, mtaalamu wa anatomia aliyekuwa akifundisha Cairo, alichapisha alichokiona alipouchunguza: nyonga nyembamba kupita kawaida, na kati ya kibofu cha mkojo na uke, tundu kubwa. Ni fistula. Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa fistula ni nini, lakini inafaa kukumbushana inavyotokea. Kichwa cha mtoto kikikwama njiani, hukibana kibofu dhidi ya mfupa wa kinena. Nyama iliyobanwa hukosa damu, hufa, na siku chache baadaye hubanduka na kuacha tundu. Kuanzia hapo mkojo hutiririka mchana na usiku. Mara nyingi mtoto naye huwa amekufa tumboni kabla hajatoka. Henhenet alikuwa mwanamke wa ikulu, mwenye jeneza la jiwe la chokaa na kaburi ndani ya eneo la mfalme. Kama kuna aliyepata huduma bora ya zama zake, ni yeye.

Na waganga wa Misri walilijua tatizo hili. Mafunjo ya Kahun, yaani maandishi kwenye karatasi za kale za matete, yaliyopatikana El-Lahun, Misri, mwaka 1889 wakati wa uchimbaji wa mwanaakiolojia Flinders Petrie na sasa yako London, yaliandikwa yapata mwaka 1825 KK. Ndiyo maandishi ya kale zaidi tuliyonayo yanayohusu magonjwa ya wanawake pekee, yenye aya 34. Aya ya mwisho inamtaja mwanamke ambaye mkojo wake umekaa mahali pabaya na unatoka wenyewe, na hukumu yake ni fupi: atakuwa hivyo maisha yake yote. Hakuna dawa iliyoandikwa chini yake. Upasuaji wa kuziba tundu hilo kwa uhakika ulipatikana katikati ya karne ya 19, huko Alabama, Marekani, ambako daktari J. Marion Sims aliufanyia majaribio kwa wanawake watumwa, Anarcha, Lucy na Betsey, bila dawa ya usingizi. Leo fistula inashonwa katika hospitali ya CCBRT Dar es Salaam na katika hospitali ya Hamlin mjini Addis Ababa. Kati ya Henhenet na wanawake hao wa Alabama kuna takriban miaka 3,900. Anayesema hospitali ndiyo iliyoleta shida za uzazi ataieleza vipi miaka hiyo?

Sisemi kwamba watu wa kale hawakujua kitu. Walijua mengi, na ndiyo sababu inaudhi kuona ujuzi wao ukifupishwa kuwa "dawa za asili". Mwanamke wa Misri alijifungua akiwa amechuchumaa juu ya matofali ya udongo, rundo moja chini ya kila mguu, na nafasi katikati kwa ajili ya mikono ya mkunga na mtoto anayeshuka. Mwaka 2001 tofali moja la namna hiyo lilipatikana Abydos, katika nyumba ya meya, na timu ya Josef Wegner wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Lina urefu wa sentimita 35 na upana wa 17 hivi, na rangi zake bado zinaonekana: mama amekaa ameshika mtoto, wanawake wengine wako mbele na nyuma yake. Mkao huo una maana. Uzito wa mtoto unasaidia kusukuma, na mapaja yakikunjwa vile njia ya nyonga hupanuka kidogo. Kwa Henhenet kidogo hicho hakikutosha.

Kisa cha kuzaliwa kwa watoto watatu wa mwanamke aitwaye Ruddedet, kilichomo katika mafunjo ya Westcar yaliyoko Berlin, kinataja mpangilio wenyewe ingawa wakunga wake ni miungu wa kike. Isis anakaa mbele ya mama, Nephthys nyuma yake, na Heqet anaharakisha uzazi. Kila mtoto anaoshwa, anakatwa kitovu, kisha analazwa juu ya kitambaa. Baadaye mama anajitenga siku 14 kujitakasa. Sisi tunahesabu arobaini.

Aliyeandika kwa undani zaidi ni Soranus wa Ephesus, tabibu aliyesomea Alexandria na kufanya kazi Roma enzi za makaisari Trajan na Hadrian, mwanzoni mwa karne ya 2 BK. Yeye alimtaka mkunga ajue kusoma, awe na kumbukumbu, asiwe mlevi, awe na vidole virefu vyembamba na kucha fupi, na asiwe mtu wa ushirikina, asije akaacha kutibu kwa sababu ya ndoto au ndege mbaya. Hakudai kwamba lazima awe amewahi kuzaa. Vifaa alivyoagiza viandaliwe ni mafuta ya zeituni, maji ya moto, sponji laini, sufu, vitambaa vya kufungia, vitu vya kunusa mama akiishiwa nguvu, na vitanda viwili: kigumu cha wakati wa uchungu na laini cha kupumzikia baadaye. Kiti cha kuzalia kiwe na tundu lenye umbo la mwezi mwandamo. Likiwa kubwa mno mama anazama; likiwa dogo linabana panapotakiwa kufunguka. Pembeni kuwe na vishikio, nyuma kuwe na kiegemeo. Wasaidizi wawe watatu, wawili ubavuni na mmoja nyuma, na mkunga akae mbele, chini kidogo ya mama. Kisha anaongeza jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi wa ukunga alisome: mkunga asimkodolee mama macho sehemu zake za siri, kwa sababu mama akiona haya mwili wake hujikaza.

Huyu ndiye mwalimu bora wa zama za kale, na bado alikosea mahali ambapo makosa yaliua. Kitovu alisema kikatwe vidole vinne kutoka tumboni, kwa chuma chenye makali, kisha kikamuliwe damu na kufungwa kwa uzi wa sufu. Wakati huo wengi waliogopa chuma wakidhani ni mkosi, wakakata kwa kigae, kioo, tete au ganda la mkate, na Soranus akawakemea. Alikuwa na haki ya kukemea. Lakini hakuna aliyechemsha kile chuma wala ule uzi, kwa sababu hakuna aliyejua habari za vijidudu. Chuma chenye vumbi la udongo na samadi kikigusa kitovu kibichi huingiza vimelea vya pepopunda, na mtoto aliyenyonya vizuri siku za kwanza huanza kukaza taya ndani ya wiki moja au mbili.

Kosa la pili ni la chakula. Soranus aliagiza mtoto alambishwe asali kidogo siku za mwanzo, kisha apewe ziwa la mwanamke mwingine, akiamini kuwa maziwa ya mzazi mwenyewe hayafai mpaka zipite kama siku 20. Kwa hiyo dang'a yote, maziwa mazito ya njano yenye kinga ambayo mtoto huyahitaji tangu saa ya kwanza, ilitupwa. Na asali inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, ambazo utumbo wa mtoto wa chini ya mwaka mmoja hauwezi kuzizuia zisiote na kutoa sumu inayolegeza misuli. Nasisitiza hili kwa sababu kuna nyumba ambako mtoto mchanga bado hulambishwa asali, na dang'a bado hukamuliwa ikamwagwa kwa kuwa rangi yake si nyeupe.

Ziwa la mwanamke mwingine, kwa walioweza, lilikuwa la mkataba. Upo mmoja wa Alexandria wa mwaka 13 KK. Didyma anakubali kumnyonyesha mtoto wa kike, mtumwa wa Isidora, kwa miezi 16, kwa malipo ya drakma 10 za fedha na vipimo viwili vya mafuta kila mwezi. Masharti: asilale na mwanamume, asishike mimba, asinyonyeshe mtoto mwingine pamoja na huyo. Mwili wa Didyma ulikodishwa wote, usiku na mchana.

Sasa kuhusu uzazi wa mpango, ambako kauli za magazetini ni za hatari zaidi. Mafunjo ya Kahun yanataja kinyesi cha mamba kuwekwa ukeni, na mahali pengine asali pamoja na magadi. Mafunjo ya Ebers ya yapata mwaka 1550 KK yanaagiza mgunga na tende visagwe, vichanganywe na asali hin moja, yaani karibu nusu lita, kisha nyuzi zilizolowekwa humo ziwekwe ndani. Soranus alitaja mafuta ya zeituni yaliyochakaa, asali, utomvu wa mwerezi, na risasi nyeupe, yaani unga wa madini ya risasi, vipakwe mlango wa kizazi. Vitu vinavyonata huenda viliwazuia mbegu za kiume kwa kiasi fulani. Lakini kinyesi huleta maambukizi, na risasi ni sumu inayojikusanya mwilini, hupunguza damu, huharibu mimba na ubongo wa mtoto. Alishauri pia kwamba mwanamke asiyetaka mimba aepuke siku alizodhani ni za rutuba, na hizo kwake zilikuwa siku zinazofuata mara baada ya hedhi. Hesabu hiyo ina kasoro kubwa: yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi ijayo. Aliyefuata ushauri huo kwa uaminifu alijihadhari siku zisizo na hatari kubwa, akarudi kwa mumewe katika siku zenyewe.

Haki itendeke, kipo kipimo kimoja cha Misri kilichokuwa na ukweli ndani yake. Mafunjo ya Berlin yanamwagiza mwanamke akojolee kila siku mifuko miwili, mmoja wa shayiri na mwingine wa ngano ya kale. Nafaka ikiota, ana mimba, shayiri ni mtoto wa kiume, ngano ni wa kike, isipoota, hana. Mwaka 1963 watafiti wa Misri wakiongozwa na Paul Ghalioungui walikijaribu. Mkojo wa wanaume na wa wanawake wasio na mimba haukuotesha nafaka. Wa wajawazito uliotesha katika takriban asilimia 70. Katika kutaja jinsia ya mtoto kipimo hakikufaa kitu. Maana yake ni kwamba kati ya wajawazito kumi, watatu wangeambiwa hawana mimba. Kipimo cha dukani leo ni bora kuliko hicho, na hakisubiri mbegu iote.

Naomba pia waandishi waache kutumia vibaya takwimu za umri. Fomu za sensa za Misri chini ya Warumi, iliyofanywa kila baada ya miaka 14, zimewawezesha watafiti kukadiria kuwa msichana akizaliwa alitarajiwa kuishi wastani wa miaka 22 hivi. Hiyo haina maana kwamba wanawake walizeeka wakiwa na miaka 22. Wastani unashushwa na watoto wengi waliokufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Aliyevuka utoto aliweza kufika uzee, lakini njiani alizaa watoto wapatao sita ili watu wasipungue, na kila uzazi ulikuwa na hatari yake.

La mwisho. Ifikapo Machi, magazeti na mitandao humsifu Merit-Ptah, "daktari wa kwanza mwanamke", wa yapata mwaka 2700 KK. Hakuna kaburi wala maandishi ya kale yanayomtaja tabibu huyo. Alianzia katika kitabu cha Kate Campbell Hurd-Mead cha mwaka 1938, kwa mchanganyiko wa habari, na mwaka 2020 mtafiti Jakub Kwiecinski alionyesha jinsi kosa lilivyoingia. Mchanganyiko huo unaelekea kumhusu Peseshet, ambaye hana shaka: jina lake limechongwa kwenye jiwe huko Giza, katika kaburi la Akhethotep, la enzi ya Ufalme wa Kale, na cheo chake kimechongwa pia, msimamizi wa waganga wanawake. Kama kulikuwa na msimamizi, kulikuwa na waganga wanawake wa kusimamiwa. Mkitaka jina la kuchapisha Machi ijayo, chapeni hilo.

Wako,
Msomaji, Tanga