Barua ya wazi kwa vijana wa bendi ya roki mnaoachana

Wanangu,

Nimepata habari kwamba bendi yenu inavunjika mwishoni mwa mwaka, na kwamba wawili kati yenu hawapokeleani simu. Siandiki ili kuwasuluhisha, kwa kuwa watu wanne waliokutana wakiwa vijana hawalazimiki kubaki pamoja mpaka waote mvi. Ninaloomba ni kwamba, kabla hamjagawana vyombo, mkae kitako muandike nani mwenye nyimbo, nani mwenye jina, na fedha zitakazoingia baadaye zitagawanywaje. Nimepiga besi katika bendi za hoteli kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nimekuwa nikifuatilia yanayowapata wanamuziki wa roki makundi yao yakishakufa. Wengi waliozeeka na kinyongo, kinyongo chao kilianzia kwenye karatasi ambayo haikuandikwa, au iliyosainiwa bila kusomwa.

Watazameni Creedence Clearwater Revival wa Marekani. Walikuwa vijana wa El Cerrito, California: ndugu wawili, Tom na John Fogerty, pamoja na Stu Cook na Doug Clifford waliosoma na John. Kati ya 1968 na 1972 walitoa albamu saba, tatu kati yake mwaka 1969 pekee. John ndiye aliyetunga, akaimba, akasimamia kurekodi, na mwishowe akashika hata umeneja. Tom, ambaye ndiye kaka mkubwa na ndiye aliyekuwa mwimbaji hapo mwanzo, alichoka akaondoka 1971. Mwaka uliofuata bendi ikavunjika.

Mkataba waliokuwa wameusaini na kampuni ya Fantasy uliiachia kampuni umiliki wa nyimbo, na hata baada ya bendi kufa John alikuwa bado anadaiwa kazi chungu nzima. Ili ajinasue, alikubali kuachia mirabaha yake, yaani fungu analolipwa mwanamuziki kila rekodi inapouzwa, na kwa miaka mingi hakuzipiga nyimbo hizo jukwaani, mpaka 1987. Fantasy nayo ikamshtaki kwamba wimbo wake mpya ulikuwa umenakiliwa kutoka kwa wimbo wa Creedence, ambao mtunzi wake ni yeye mwenyewe. Mwaka 1988 alipanda kizimbani akiwa na gitaa, akawaonyesha wazee wa baraza la mahakama namna anavyotunga, nao wakampa ushindi. Suala la gharama za mawakili liliendelea hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo iliamua upande wake 1994.

Hata hivyo, kesi hizo si jambo linalonisikitisha zaidi. Tom alifariki Septemba 1990, baada ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI kwa kuongezewa damu, na ndugu hao hawakuwa wamepatana. Mwaka 1993 bendi iliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Roki, na John akakataa kupiga pamoja na Cook na Clifford. Alipiga na wanamuziki wengine, wenzake wakabaki watazamaji wa muziki walioujenga pamoja. Wao nao, 1995, wakaunda Creedence Clearwater Revisited, na ugomvi wa jina ukafika mahakamani. Sehemu kubwa ya haki za nyimbo zake John alizipata Januari 2023, akiwa na miaka 77. Hesabuni wenyewe: miaka mitano ya umaarufu, na nusu karne ya kudaiana.

Wala msidhani ubaya hutoka kwa kampuni tu. The Smiths wa Manchester walipovunjika 1987, mwimbaji Morrissey na mpiga gitaa Johnny Marr walikuwa wakichukua asilimia 40 kila mmoja ya mapato ya rekodi na maonyesho, na mpiga dramu Mike Joyce na mpiga besi Andy Rourke asilimia 10 kila mmoja. Joyce alishtaki, na 1996 mahakama ya London ikaamua kwamba, kwa kuwa hapakuthibitishwa makubaliano mengine, Sheria ya Ubia ya 1890 inawahesabu wabia kuwa sawa, hivyo anastahili robo. Rourke, aliyekuwa amebanwa na shida, alikuwa ameshakubali pauni 83,000 na asilimia zake 10. Mimi ni mpiga besi, kwa hiyo huenda hili linaniuma kupita kiasi.

Wapo walioachana vizuri. R.E.M. wa Athens, Georgia, waliandika nyimbo zao kwa majina ya wote wanne, bila kuulizana nani alileta maneno na nani alileta kipande cha gitaa. Mpiga dramu wao, Bill Berry, aliugua jukwaani mjini Lausanne, Uswisi, 1995, mshipa wa damu ulipopasuka kichwani. Alipona, na 1997 akaaga akawa mkulima, baada ya kuhakikisha kwamba kuondoka kwake hakutaiua bendi. Wenzake waliendelea mpaka 2011, na Juni 2024 wote wanne walisimama tena pamoja New York wakapiga wimbo mmoja, walipoingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa Watunzi.

Sasa nirudi kwenu. Nasikia ubishi mkubwa ni kile kipande cha gitaa kinachofungua wimbo wa tatu wa albamu yenu, kwamba ni cha nani. Kuweni wazi: pitieni wimbo mmoja mmoja, andikeni asilimia mbele ya kila jina, na msiende wimbo wa pili kabla wa kwanza haujasainiwa. Mwimbaji, usilitumie jina la bendi kwa kundi lako jipya mpaka wenzako wakubali kwa maandishi. Mpiga dramu, kama unataka kwenda kufundisha shule, nenda bila kuona haya. Wanaokucheka leo ndio watakaokuja kukukopa. Na neno la siri la akaunti ambako nyimbo zenu zinasikilizwa, ambalo kwa sasa analo mtu mmoja, lijulikane na wote wanne, maana fedha inayoingia humo ni kidogo, na watu hugombania kidogo kwa ukali kuliko kingi.

Jumamosi jioni huwa niko nyumbani. Sebule yangu inatosha watu wanne na wakili, na kalamu ninazo.

Mzee wenu