Matairi yasisubiri theluji ya kwanza

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi ndugu zetu waliohamia Québec, jimbo la Kanada, kutoka Bukavu, Bujumbura na kwingineko wasisubiri theluji ya kwanza ndipo watafute matairi. Sheria ya jimbo inataka matairi ya msimu wa baridi yawe yamefungwa kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, lakini mpira wa matairi ya kiangazi huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, hali ambayo hapa huanza mapema zaidi. Betri nayo ipimwe. Maji ya kawaida ya wipa huganda. Mimi yalinigandia katika barabara kuu, kioo cha mbele kikiwa kimetapakaa tope la chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, nikalazimika kuegesha pembeni na kukifuta kwa skafu ya mwanangu.

Zaidi ya yote, nawaomba wazazi wafukue kwanza bomba la moshi kabla ya kuwasha gari lililofunikwa na theluji, kwani likiziba, gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, huweza kuingia ndani walimoketi watoto na kuwaua. Beleshi dogo likae ndani ya gari, si stoo.

Wako,
Msomaji, Montréal