Mjomba, ukuta usubiri kwanza

Mjomba mpendwa,

Ramani uliyotutumia ya shule ya bweni unayotaka kuwajengea wavulana wenye shida nimeiona: mabweni mawili, uwanja wa gwaride, na ukuta wenye nyaya juu kuzunguka shamba lote la Luwero, hapa Uganda. Najua kiinua mgongo chako chote cha jeshi kinaelekea huko, na sababu yake naijua. Wavulana wa mtaani kwetu wanafukuzwa shule mmoja baada ya mwingine, halafu unawakuta kwenye vibanda vya kubeti, mairungi shavuni. Nia yako siipingi. Ila mimi ni muuguzi wa wagonjwa wa akili, na najua wako wazazi wengi wenye wazo kama lako, kwa hiyo niwie radhi nikikujibu hadharani.

Ukuta uje mwisho. Anza na mtu wa usiku.

Mchana mvulana mwenye shida ana darasa, ana bustani, ana mpira. Taa zikizimwa ndipo mambo yanapoanza: aliyefiwa analia chini ya blanketi, aliyezoea bangi hapati usingizi, na mkubwa anamwendea mdogo. Shule zetu nyingi za bweni huwaachia watoto metroni mmoja na maprefekti usiku mzima, kisha tunashangaa mtoto akitoroka. Wewe weka mtu mzima aliye macho katika kila bweni, alale mchana, na umlipe mshahara wa kumfanya abaki. Mvulana aliyekwisha kuachwa na watu wengi humpima kila mtu mpya: huyu naye ataondoka lini? Akiondoka baada ya muhula mmoja, umerudi ulikoanzia, tena pabaya zaidi.

Pili, usimpokee mvulana kwa maneno ya baba yake peke yake. "Mkaidi" anaweza kuwa hasikii vizuri. "Mvivu" anaweza kuwa na kifafa ambacho nyumbani wanakiita mashetani. Madaktari wa akili ni wachache na wengi wako Kampala, lakini wapo maafisa tabibu wa magonjwa ya akili, wengi wao wamesomea Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, wanaoweza kuchunguza na kuandika dawa. Ajiri mmoja kabla hujaajiri mwalimu wa michezo. (Najua mwalimu wa michezo umeshampata, tena ni rafiki yako. Samahani.)

Kuhusu kiboko tusibishane, Afande. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yamekipiga marufuku katika shule. Ninachokiogopa zaidi ni kile kinachoingia kiboko kikishatoka: kufungiwa chumbani, kunyimwa chakula, kupiga magoti juani, kulimishwa kutwa nzima na kuambiwa ndiyo tiba. Septemba 2019, kule Kaduna, Nigeria, polisi waliwatoa mamia ya wavulana na wanaume katika nyumba iliyojiita shule, wengine wakiwa wamefungwa minyororo. Baadhi walikuwa wamepelekwa na wazazi wao wenyewe, wakidhani wanawarekebisha. Wala si Afrika tu. Paris Hilton, yule nyota wa televisheni wa Marekani, alifika mbele ya Bunge la nchi yake kueleza aliyotendewa katika taasisi za namna hii alipokuwa kijana, na sheria ya kuzichunguza ikasainiwa Desemba 2024. Nyumba hizi zilifanana kwa jambo moja: mtoto hakuwa na njia ya kumfikia mtu wa nje.

Kwa hiyo simu ya bweni iwe wazi, na mama aweze kuja siku yoyote bila kusubiri siku ya kutembelewa. Mzazi asiyekubali kuja kila mwezi kukaa na mwanawe mbele ya mshauri, mwambie shule imejaa. Huyo anatafuta pa kumtupa. Mtoto atapona kwako, kisha likizo arudi katika nyumba ileile iliyomvunja?

Kuna jambo la hapa hapa Uganda ambalo hunifikirisha. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti katika kambi mbili za waliohamishwa na vita kaskazini, kwa vijana 314 wenye umri wa miaka 14 hadi 17. Tiba ya kuzungumza katika vikundi iliwapunguzia wasichana huzuni. Kwa wavulana, nafuu ya maana haikuonekana. Basi usije ukanunua kitabu cha mafunzo ukadhani kazi imekwisha. Mimi naona wavulana wengi huongea mikono ikiwa na shughuli, mkinyoosha tairi la baiskeli au mkikamua ng'ombe, na anayewasikiliza awe amefunzwa kusikiliza. Hilo ni oni langu tu. Lijaribu kwa wachache.

Wachache kweli, Mjomba. Wavulana wanane, katika ile nyumba ya zamani ya bibi, mwaka mzima. Najua mabweni mawili matupu yatakuuma, na wakopeshaji watataka ada ya wanafunzi mia. Kopa kidogo. Kama unakubali, niambie kabla ya likizo ya Agosti, nije tuanze kuwasaili watu wa usiku. Askari wenzako wastaafu wasiojua kupiga kelele nao waombe.

Ni mimi, mpwa wako.